Mashavu ya Kuazima

Mizani ya duka la keki iliwekwa pale kwa ajili ya magunia ya unga, si kwa ajili ya watu, na bosi alishasema hivyo mara mbili. Lakini kila Jumatatu, kabla oveni haijawashwa, Mwandiko alivua viatu, akaangalia huku na huku, akapanda. Hilo la Mwandiko ni jina la kazini. Yeye ndiye aliyeandika maneno juu ya keki zote, hongera na pole na majina ya maharusi, na herufi zake zilikuwa nzuri kiasi kwamba wateja walizipiga picha kabla ya kukata.

Kilo sabini na nne. Jamani! Miezi sita nyuma alikuwa na hamsini na nane, tena za mtu anayekula akashiba.

Alikuwa anaumwa, na ugonjwa wenyewe ni wa vituko. Daktari alimweleza kwamba kinga ya mwili, ile inayotakiwa kupigana na wadudu wa nje, kwake imegeuka na sasa inampiga mwenye nyumba: viungo, ngozi, na isipodhibitiwa, figo. Dawa ya kuituliza ni vidonge viwili vyeupe kila asubuhi baada ya kula. Vilimwinua kitandani ndani ya wiki moja, hilo hakatai. Vidole vilivyokuwa vimekakamaa vikarudi kushika mfuko wa krimu ya kuandikia. Lakini pamoja na uzima vilimletea njaa isiyojua adabu, na uso wake, uliokuwa mrefu wa kupendeza, ukajaa na kuviringika mpaka macho yakabaki mawili madogo huko ndani.

Na watu nao! Kila aliyekutana naye njiani: "Shoga, umenawiri! Mume anakutunza!" Ungekuwa wewe ungejibu nini? Asante? Alitabasamu, akifika nyumbani analia.

Akaamua kujizuia kula, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka. Dada wa lishe pale hospitali alimwambia apunguze chumvi na sukari, ale mboga na maharage, asijinyime. Shangazi akapiga simu: dawa kali bila shibe inatoboa tumbo, kula mwanangu. Mwokaji mwenzake akasema kosa lake ni kula jioni. Simu yake ikamwambia aache mkate, aache maziwa, aache vitunguu saumu. Ukurasa uliofuata ukasema vitunguu saumu ndiyo dawa yenyewe. Sasa mtu amsikilize nani? Akaishia kula matango. Akila tango anahesabu anavyotafuna, huku mbele yake pamesimama keki ya ghorofa tatu, na kidole kimeingia krimu ambayo haruhusiwi kuilamba.

Nyumbani waliishi watatu: yeye, mumewe ambaye ni fundi wa majokofu, na wifi yake, mdogo wa mume, aliyekuja kukaa nao akisubiri harusi. Wifi alikuwa mwembamba tangu utotoni, wa kupeperuka, na hakuwa na shida na wembamba wake mpaka siku mama wa mchumba alipomwona mara ya kwanza akauliza, mbele za watu, kama kwao huwa hawapiki. Tangu siku hiyo akawa anakula viazi kama adhabu, na mwili haukuongezeka hata kidogo.

"Wifi," binti alimtania Mwandiko siku moja, "mashavu hayo niazime basi. Nitakurudishia baada ya harusi."

"Chukua yote. Na kiuno chukua. Hayo mashavu siyataki hata kuyaona."

Wakacheka. Mawifi ndivyo walivyo, utani wao una pilipili.

Kwa kuwa ugonjwa ulimwachia pia usahaulifu, Mwandiko alinunuliwa kijisanduku cha plastiki chenye vyumba saba, kila kimoja na siku yake. Chupa ya dawa ilikaa kabatini chumbani kwao. Kila Jumapili jioni alikijaza kile kijisanduku, viwili viwili, akakiweka jikoni juu ya jokofu, ili akimaliza kunywa chai asikose kukiona.

Jumatano moja akamaliza chai, akanyoosha mkono, akafungua chumba cha Jumatano. Kitupu.

Akasimama pale na kifuniko kidoleni. Amekwisha kumeza? Lini? Alikumbuka kuchemsha maji, alikumbuka kumenya tango. Vidonge hakuvikumbuka. Akauzungusha ulimi mdomoni kutafuta ule uchungu ambao vidonge vile huuacha, hakuupata. Labda chai imeusafisha. Na kumeza mara mbili ni hatari, si ndiyo? Akafunga chumba, akaenda kazini.

Ijumaa hivyo hivyo. Wiki iliyofuata mara mbili, iliyofuata mara tatu. Alimuuliza mumewe, "Umeniona nikimeza dawa leo?" Fundi, aliyekuwa anavaa buti mlangoni, akajibu kwamba yeye huwa anamwona anakunywa chai tu. Akamuuliza wifi. Wifi akasema, "Si utakuwa umemeza, wifi, mbona hazipo?" Jibu lilikuwa na mantiki. Akaona aibu kuuliza tena, mtu asije akadhani amerukwa na akili.

Halafu mizani ikaanza kushuka. Sabini na mbili. Sabini. Jumatatu ya wiki ya tano ikaonyesha sitini na nane, na Mwandiko akashuka pale juu akicheza peke yake katikati ya magunia. Matango yamekubali! Uso nao ukaanza kurudi, kidevu kikaonekana. Akawapigia simu wote waliomshauri, kila mmoja akimwambia ni ushauri wake ndio uliosaidia, na kila mmoja akafurahi.

Kilichomchanganya ni mikono. Kama chakula ndicho hiki cha sawasawa, na uzito ndio huu unaoteremka, kwa nini asubuhi vidole vinakataa kukunjuka? Kwa nini akisimama dunia inainama? Akapunguza na maharage, labda ndiyo yanayomletea maumivu. Akajaribu siku mbili bila mkate. Akarudisha maharage. Kila alichofanya kilikuwa sahihi kwa mtu mmoja na makosa kwa mwingine, na mwili wenyewe haukusema chochote kinachoeleweka.

Siku ya Alhamisi, wiki ya saba, alikuwa anaandika keki ya babu wa watu aliyetimiza miaka themanini. Akaandika H, akaandika O, N, G. Mkono ukagoma. Si kwamba uliuma tu. Uligoma, vidole vikabaki vimeubana mfuko, krimu ikamwagika ikafunika ua alilolitengeneza kwa nusu saa.

"Mwandiko," bosi alisema akichungulia begani, "mbona umeishia Hong? Watu wanasubiri pale nje."

Akataka kujibu kwa mzaha. Badala yake akakaa chini, sakafuni, katikati ya unga, na dari ikaanza kwenda zake.

Mumewe alimkuta hospitali. Daktari wake, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alikuwa ameshika majibu ya damu na mkojo. Alisema shinikizo la damu limeshuka mno, ugonjwa umeamka, na figo zimeanza kupitisha vitu ambavyo hazitakiwi kupitisha. Zikiendelea hivi miezi michache, habari itakuwa nyingine.

"Umeacha dawa lini?"

"Sijaacha, daktari. Nakula matango tu."

"Matango hayafanyi hivi. Hizi dawa haziachwi ghafla, zinapunguzwa ngazi kwa ngazi, nilikwambia. Mwili wako unasema haujazipata ipasavyo kwa wiki kadhaa."

Fundi akatoa chupa, akatoa na kijisanduku, alivyovipitia nyumbani. Wakahesabu wote watatu. Vidonge vilivyobaki vilikuwa idadi ileile inayotakiwa kubaki, hakikuzidi hata kimoja. Daktari akahesabu tena peke yake.

"Zimetumika," alisema taratibu. "Sasa kama si wewe, zimeingia kwa nani?"

Wakashika njia ya nyumbani. Mwandiko alijaribu kufikiri, fikra zikamponyoka. Labda anameza na kutapika usingizini? Labda dawa ni feki? Labda amerogwa, kama shangazi alivyowahi kudokeza? Aibu, mtu mzima na kazi yake kufikiri hivyo, lakini alifikiri.

Wifi ndiye aliyewafungulia mlango. Mwanga wa nje ulimpiga usoni, na Mwandiko akasimama palepale kizingitini.

Uso wa wifi ulikuwa umejaa. Si kunenepa kwa viazi, mikono ilikuwa ileile miembamba. Ni mashavu tu, mawili, ya duara, yanang'aa, yanasukuma macho juu. Mwandiko alikuwa ameyatazama mashavu yale miezi mingi kwenye kioo. Walikuwa wanakula meza moja kila siku, na hakuwa ameyaona.

"Wifi," alisema. "Ni wewe."

Binti akarudi nyuma mpaka sebuleni. Akakaa kwenye kochi, akaziba uso kwa mito miwili.

"Kimoja kimoja tu," ilitoka sauti kwenye mito. "Basi, viwili. Si kila siku. Wasichana wanasema ndivyo vinavyonenepesha, wanavinunua mitaani. Mimi nilikuwa naamka kabla yenu."

"Ulitaka kuniua?"

"Hapana!" Akaitupa mito. "Kila asubuhi ulikuwa unavilaani. Ulisema chukua yote. Halafu ukaanza kupungua, ukawa unaimba jikoni. Nikaona mimi napata na wewe unapata. Wallahi nilidhani nakusaidia."

Mwandiko alitafuta tusi la kumpa. Alichokipata mdomoni kilimshangaza mwenyewe: "Kesho unakwenda na mimi kwa daktari. Usiviache ghafla kwa kichwa chako, utaanguka kama mimi."

Fundi hakuwa na upole huo. Alitoka nje, mtaa mzima ukasikia spana na bisibisi zikimwagwa chini. Alirudi na kisanduku chake cha chuma cha vifaa, kitupu, na kufuli. Akatia chupa ndani, akatia na kijisanduku, akabana kufuli. Akauweka ufunguo kwenye kiganja cha mkewe.

"Huu ukae na wewe, hata bafuni. Na wewe," akamgeukia dada yake, "kesho ukitoka hospitali unarudi kwa mama. Mwizi haolewi kutoka nyumbani kwangu. Na mchumba wako nitamweleza mwenyewe kwa nini."

Wifi akalia kwa sauti. Akaingia chumbani, wakasikia anavuta begi.

Mwandiko alibaki na ufunguo. Wote walikuwa upande wake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile, kila kitu kilieleweka: mwizi amejulikana, mgonjwa ameonewa. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na yeye alikuwa amekwisha kuambiwa pole na daktari, na bosi, na mume.

"Mume wangu."

"Usimtetee."

"Simtetei. Siku za mwanzo nilichanganyikiwa kweli, sikujua nimemeza au la." Akaugeuza ufunguo kiganjani. "Baadaye nilijua. Nilikuwa nakuta patupu na nilijua kabisa sijaweka kitu mdomoni. Chupa iko kabatini, hatua kumi. Sikwenda. Mizani ilikuwa inashuka, na mimi nikaacha ishuke."

Fundi akakiweka kisanduku mezani. "Ulijua? Na figo?"

"Sikutaka kuziwaza figo. Nilitaka uso wangu." Chumbani begi lilikuwa limenyamaza. "Mfukuze dada yako kesho, sawa. Keshokutwa nitavitupa mwenyewe chooni, na hutakuwa na mtu wa kumlaumu."

Akaunyoosha ule mkono uliovimba, akamwekea mumewe ufunguo kiganjani, akamkunja vidole juu yake.

"Kaa nao wewe," alisema. "Wa kufungiwa ni mimi."