Kibao Shingoni

Kabla hata hajashika chaki, Ephrasia alijua kwamba darasa lile lilikuwa na hofu. Watoto wa darasa la tano hawanyamazi hivyo bure. Nyuma kabisa aliketi Mzee Hamidi, mwenye shule, mikono juu ya mkongojo. Ephrasia alikuwa ametoka Kishanda, Muleba, kuja kufundisha somo moja tu la majaribio. Mzee akiridhika, kazi ni yake, na binti yake Klaudia ataletwa Bukoba mjini asome hapa hapa mtaa wa Bakoba, alale kwa mama yake badala ya kulelewa na bibi. Asiporidhika, basi, yeye na Klaudia wataendelea kuonana likizo kwa likizo.

Akaandika ubaoni "happy", kisha akalitangulizia herufi mbili: "unhappy". Akauliza kwa Kiingereza ni nini kimebadilika. Kimya. Akaandika "obey", halafu "disobey". Kimya vile vile. Nyuma, Mzee Hamidi akakohoa.

Ndipo Ephrasia alipokiona kibao. Kilining'inia shingoni mwa Sumaiya, msichana wa dawati la mbele ambaye jina lake lilisomeka juu ya daftari: kipande cha mbao chenye kamba. Aliyesoma shule za Kiingereza za namna hii anaijua sheria yake. Ukisikika unasema Kiswahili au Kihaya, unavishwa. Hukivui mpaka umnase mwingine, naye akivae. Kengele ya jioni ikikukuta nacho, viboko. Sumaiya alikuwa akichungulia midomo ya wenzake, macho yamemwiva kwa kulia, na wenzake walikuwa wameifunga. Heri kuonekana bubu kuliko kuteleza.

Hasira ikampanda Ephrasia. Watu wazima na akili zao wanatega mtego, wanawavisha watoto, halafu wanashangaa watoto hawasemi!

Akamtazama Mzee Hamidi. Akamwaza Klaudia. Akaiweka chaki mezani.

"Wanangu," akasema kwa Kiswahili, "mtu na utu ni kitu kimoja?"

Vichwa vikageuka kumtazama Mzee Hamidi.

"Sumaiya, umeninasa. Lete hicho kibao."

Mtoto alisita. Ephrasia akainama, akamvua, akakivaa. "Sasa wa kunasa ni mimi, na leo masikio yangu yameziba. Haya, semeni."

Wee! Walifunguka kama mbuzi waliofunguliwa zizi. "Mtu, watu, utu, jitu!" "Omuntu, abantu!" wakapokea wale wa Kihaya, mtu na watu kwa lugha ya kwao. Ephrasia akarudi ubaoni. Mnaona? Kichwa cha neno kikibadilika, neno linageuka, na ninyi mmelijua hilo tangu mgongoni kwa mama zenu. Sasa hii "un" imefanya nini?

"Imeikataa furaha!" akasema Sumaiya, wa kwanza kabisa. Mwingine akadakia "unkind", mwingine "dislike", na mikono ikajaa hewani.

Mkongojo ukagonga sakafu.

"We mwalimu! Nani kakuruhusu kusema Kiswahili kwenye darasa langu?" akafoka Mzee Hamidi, kwa Kiswahili hicho hicho.

Mikono ikashuka. Lakini safari hii macho ya watoto yalikwenda kwenye kibao, kisha kwa Mzee Hamidi, kisha kwenye kibao tena. Ephrasia aliyaona. Angeweza kujifanya hakuyaona, aombe radhi, na labda kazi angeipata.

Kwao Uhayani, mwanamke hampi mzee kitu akiwa amesimama. Akamwendea hadi nyuma, akapiga magoti, akakivua kibao, akamtolea kwa mikono miwili. Kitu kinachotolewa hivyo hakikataliwi, na Mzee Hamidi ni mtoto wa Bukoba. Alikipokea kabla hajajua anafanya nini. Kisha akakitumbukiza mfukoni, uso umemwiva.

"Nenda," akasema, sasa kwa Kiingereza. "Hatukuhitaji."

Ephrasia alivuka uwanja akilia, wala hakujificha. Angemwambia nini Klaudia, ambaye tayari alikuwa amefunga nguo zake?

Alikuwa ameshika lango aliposikia sauti.

"Asante, mwalimu!"

Sumaiya alikuwa dirishani, shingo tupu, akipaza Kiswahili chake shule nzima isikie. Hakuna aliyemnasa.