Tishu: Mzizi Uliooshwa

Kazini namwita Daktari. Nyumbani ni wifi yangu, dada wa mume wangu, na ndiye aliyeniingiza maabara nikiwa sijui hata kuwasha mizani.

Watu hudhani kazi yetu ni darubini na makoti meupe. Nusu yake ni kujaza fomu. Ukishasoma jeni ya mmea na kutaka kuiweka kwenye kanzidata ya wazi, ile ya mtandaoni ambayo yeyote duniani anaweza kuifungua, unaulizwa: mmea gani, umri gani, tishu gani? Jani, shina, ua au mzizi? Wengi pale hujaza bora liende.

Miaka kumi na miwili iliyopita nilijaza mimi, kwa jeni ya mtama iliyompa Daktari jina. "Tishu: mzizi uliooshwa." Ni jeni ya kuvumilia ukame, ikasemwa, na inafanya kazi mzizini tu.

Jumatatu ikaingia barua pepe kwenye anwani ya maabara, ambayo naisoma mimi. Ilitoka kwa mwanafunzi wa nchi ya mbali, kijana mwenye adabu zake. Miaka miwili anaitafuta jeni yetu katika mtama uleule. Mizizi anaiosha mara tano, na jeni haioni. Msimamizi wake amempa hadi mwisho wa mwezi. Asipoipata, masomo basi. Je, sisi mizizi yetu tuliiandaaje?

Nilipofika kwenye "mara tano" nikaikumbuka siku niliyoandaa mizizi yetu. Siku ile maji yalikatika. Mizizi niliikung'uta, nikaifuta kwa kitambaa, nikaandika imeoshwa. Udongo ulibaki, udongo una bakteria, na bakteria wana jeni zao. Maskini yule alikuwa akitafuta ndani ya mtama kitu cha wadudu wa shamba letu.

Nilinyamaza kutwa nzima, na sijivunii. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila hapa maradhi yalikuwa yangu na kifo kilimwendea mtoto wa watu.

Jumanne asubuhi nikafunga mlango wa ofisi ya Daktari.

"Wifi," nikaanza.

Akainua macho. "Leo ni wifi? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Ile mizizi ya mtama sikuiosha."

Nikamweleza yote, nikamwonyesha barua. Aliisoma mara mbili.

"Nilikuuliza kama ni safi. Ukasema safi."

"Maji hayakuwepo. Na wewe ulikuwa na haraka, ukisema tukikosa zamu ya mashine ya kusoma jeni leo tumekwisha."

"Nilikuwa na haraka ya siku moja," akasema. "Si ya miaka kumi na miwili."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana, ningejua pa kuanzia. Akavua miwani, akajifuta uso, akaniambia nikae nichape.

"Mwambie rekodi ina kosa. Tishu haikuoshwa, jeni huenda si ya mtama kabisa, na leo hii tunaomba iondolewe. Mwambie yeye hakukosea."

"Niweke jina langu?"

"Langu ndilo lililo kwenye rekodi, litangulie. Lako liweke chini yake. Usijifiche nyuma yangu."

Tukatuma barua, tukatuma na ombi la kuiondoa rekodi. Kisha akaenda peke yake kwa mkuu wa idara. Alikaa huko saa nzima, nami sikuweza kufanya lolote zaidi ya kupanga upya chupa zilizokwisha kupangwa.

Aliporudi alikuta jibu la yule mwanafunzi limefika. Nilitarajia matusi, nayo ningeyastahili. Akalisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti changu:

"Asanteni. Msimamizi wangu ameisoma barua yenu, naendelea na masomo. Naomba mnisamehe kwa kuwasumbua; nilikuwa nimeshaamini kwamba mikono yangu haifai kazi hii."

Nikageuka nimwombe wifi yangu radhi, akaniwahi.

"Anatuomba sisi msamaha," akasema. "Mjibu wewe. Mimi siwezi."