Njia ya Angani hadi Jedda

Meli ya mahujaji ilikuwa imejaa. Taib alirudi na habari hiyo kutoka Kilindini adhuhuri ya Jumatatu, akaitua mbele ya dada yake kama mtu atuaye mzigo, na usoni hakuwa na huzuni hata kidogo.

"Basi tena, dada. Mwaka huu hatukuandikiwa. Tungoje mwakani, inshallah."

Bi Mwanaesha alikuwa ukumbini akichambua mchele, na mikono haikusimama. Mwakani angetimiza miaka sitini na mitatu, na goti la kushoto lilikuwa limeshaanza kumpa ilani. Mume alikwisha tangulia, mwana wa kiume hakujaaliwa. Maharimu, jamaa wa kiume asiyeweza kumwoa, wa kumpeleka Makka alibaki mmoja tu, huyu Taib, mshona kanzu wa mtaa wa Biashara. Taib asipokwenda, naye haendi.

"Kuna ndege," akasema.

Taib aliruka kama aliyechomwa na sindano yake mwenyewe. "Ndege! Nipae juu ya mawingu, niipite miqati bila kujua? Hija gani hiyo?"

Woga ulikuwamo, lakini neno lenyewe halikuwa kisingizio. Miqati ni mpaka: haji akiufikia sharti awe ameshavaa ihramu, shuka mbili za hija, na kutia nia. Baba yao alipokwenda kwa meli, nahodha alipiga honi walipoikabili Yalamlam, mpaka wa watokao kusini, watu wakajua wakati umefika. Huko angani nani apige honi?

Alasiri alipita Barnabas Kahindi, Mgiriama aliyepanga chumba kwa Bi Mwanakuu, nyumba ya pili. Kahindi alikuwa mpakiaji mizigo kiwanja cha ndege, na kwa hivyo mtaani alihesabiwa kuwa nusu rubani.

"Masalkheri, mama. Mbona Bwana Taib amenuna?"

"Yuaogopa ndege."

"Siogopi!" alisema Taib. "Naogopea hija yangu."

Kahindi alicheka. "Hata marubani huanza chini. Pale kiwanjani kuna sanduku lenye kiti na saa tele kama za ndege. Mwanafunzi hufungiwa humo akaendesha kutoka hapa mpaka Nairobi, na sanduku haliondoki hata shubiri. Akikosea huanguka, kisha huenda kunywa chai."

Bi Mwanaesha aliweka ungo chini. "Huendesha njia aitakayo mwenyewe?"

"La, mama. Hupewa njia ya kweli, ya kwenye kitabu cha ratiba. Njia ya kubuni itamfunza nini?"

"Niletee hicho kitabu."

Kesho yake Kahindi alikileta, kimekunjwa pembe na kina doa la kahawa. Bi Mwanaesha alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, na tarakimu hazikumshinda. Alitandika mkekani ramani ya kalenda ya duka la dawa, akavaa miwani ya marehemu mumewe.

"Rahisi," alisema Kahindi. "Mombasa, Jedda, moja kwa moja."

"Ndege hiyo imo kitabuni?" aliuliza Taib.

Kahindi alijikuna kisogo. "Haimo."

"Basi wataka kunipakia kwenye ndege isiyokuwapo!"

Wakajaribu njia ya Khartoum. Hiyo ilikuwamo, ila iliwaingiza Jedda kutoka magharibi, na Taib akasema hajui mpaka wa upande ule, wala baba hakuujua. Wakageukia Aden. Jumanne ndege ya Nairobi ilifika Aden saa sita mchana, na ile ya Jedda ilikuwa imeondoka tangu saa nne asubuhi.

"Tuikimbilie kwa miguu?" alisema Taib, ameanza kufurahi.

Bi Mwanaesha aliteremsha kidole mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Siku ya tatu ndipo alipoipata. Jumatano kwenda Nairobi, kulala huko; Alhamisi asubuhi Nairobi mpaka Aden; Alhamisi hiyo hiyo, saa nane mchana, Aden mpaka Jedda, mwendo wa saa tatu u nusu. Akachukua uzi dukani kwa Taib, akaunyosha juu ya ramani, akaukunja mara saba, kila kunjo nusu saa. Imamu wa mtaani alikuwa amemtilia nukta ya wino mahali pa Yalamlam. Nukta iliangukia kunjo la mwisho, kama dakika ishirini na tano kabla ya kutua.

"Sasa tuende, hapa hapa ukumbini, kama mwanafunzi wa sanduku," akasema. "Aden mpaka Jedda, muda wote, tusipunguze."

Jumapili saa nane kamili viti vinne vilipangwa ukumbini, viwili mbele, viwili nyuma, na saa ya kengele juu ya kigoda. Kahindi aliketi mbele akivumisha midomo mpaka pumzi ikamwishia. Bi Mwanakuu alikuja na kikapu cha halwa.

"Nairobi mtanishusha nikamwamkue mpwa wangu."

"Nairobi tumeipita tangu asubuhi," alisema Bi Mwanaesha. "Kaa, usiitikise ndege."

"Kushoto kwenu," alitangaza Kahindi, "Bahari ya Sham!" Kushoto kulikuwa na kabati la vyombo.

Saa kumi ndege ilisimamishwa angani, ila saa ya kengele haikusimama. Abiria wakaswali alasiri, na rubani akawalindia viti. Waliporudi Taib alikula halwa vipande vitatu, akajinyosha, na kichwa kikaanza kulala begani. Punde akakoroma.

Bi Mwanakuu alinyosha mkono amwamshe. Bi Mwanaesha alimshika kiganja, akatikisa kichwa. Akakaa vivyo hivyo, macho kwenye saa, mpaka saa kumi na moja na dakika tano, saa ya Yalamlam, ikaja na kupita.

"Jedda!" alipiga kelele Kahindi ilipofika nusu.

Taib aligutuka. "Miqati iko wapi?"

"Umeiacha nyuma ukikoroma," alisema Bi Mwanakuu, akacheka mpaka buibui likamteremka begani.

Taib hakucheka. Alisimama, uso umemkauka. "Nilisema mimi. Siendi. Nawe, dada, mbona hukuniamsha?"

"Makusudi."

"Makusudi!"

"Siku ya safari nami huenda nikalala. Kahindi hatakuwapo. Rubani huenda akasahau kutuambia. Natafuta njia ambayo sote tukilala, hija yetu imesalimika." Alikunja uzi kidoleni. "Aden utaoga, utavaa shuka zako mbili. Ndege ikianza kukimbia, tia nia papo hapo. Kisha koroma utakavyo."

"Kabla ya kuufikia mpaka? Yafaa?"

"Kaulize."

Taib alikwenda msikitini kwa swala ya magharibi. Bi Mwanaesha aliswali nyumbani, akabaki juu ya msala muda mrefu kuliko desturi, akisikiliza nyayo za kila apitaye kichochoroni. Alipoisikia hodi ya nduguye hakuinuka.

"Imamu kasema yafaa," alisema Taib, akaketi. "Kasema waendao kwa ndege wengi hufanya hivyo." Akajikumbatia mabega. "Lakini shuka mbili tu, dada, na huko juu kuna baridi."

"Nitakuchukulia blanketi. Ujifunike mabega, kichwa ukiache wazi."

"Haya. Kesho nitafunga duka saa sita, nikakate tikiti."

"Alhamdulillahi. Twende sote."

"Uje ya nini? Jua kali."

"Nataka nimsikie huyo karani kwa masikio yangu," alisema Bi Mwanaesha, "akisema: Aden mpaka Jedda, Alhamisi."