Kiti ya Ngosa Inakatala Kukauka

— Haya, panguza tena! Panguza mpaka mukono ikatike!

— Shemeji, niache. Iko maji tu.

— Maji gani? Na jua hii yote?

Nikapanguza tena. Virginie alikuwa anasimama ku mulango, kitambala nyeusi ku kichwa. Ni bibi ya yaya wangu Ngosa, ndugu yangu mukubwa. Juma iliyopita homa ilimumaliza yaya kwa siku tatu, pikipiki yake ikabakia mu lupango, mu kiwanja ya nyumba.

Kwetu Babemba, muntu akikufa, jamaa inakutana na kuchagula mupyani, mwenye atarithi jina yake, bintu yake, hata bibi yake. Jamaa yetu itakutana siku ya mungu, jumapili. Mbele ya ile siku, hakuna muntu kugusa kiti ya marehemu: mwenye kuikala pale amekubali kuwa yeye. Nilijua. Lakini marchand mumoja, muntu wa biashara wa mu ville, mu muji, alikuwa anatafuta muntu mwenye pikipiki, wa kupeleka barua zake ku muji ya Jadotville. Alisema: leo saa sita, ao nakamata mwingine. Mi niliachaka masomo mapema. Kama si ile kazi, iko tu shimo ya mine, ya kuchimba mawe, na shimo ilishakula baba.

Basi asubui nilichota maji ku fontaine, bomba ya mutaa, nikasafisha pikipiki, nikaipanguza na chemise, shati yangu. Tanki ikakauka. Magurudumu ikakauka. Nikatosha bougie, plagi ya kuwashia moto, nikaipuliza, ikakauka. Kiti tu ilikatala. Napanguza ngozi, iko kavu kabisa. Nageuka kukamula chemise, narudia: alama ya mapaja mbili, maji tupu, kama muntu ametoka kuikala pale. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tano sikucheka tena.

Ile maji ilikuwa ya moto. Nikatia kidole ku kinywa. Chumvi.

Halafu nikaona guidon, usukani ya pikipiki. Alama ya mikono mbili, maji pia. Wa kushoto hauna kidole kidogo. Cha yaya, mashini ya atelier, karakana kwenye alikuwa anatumika, ilikikataka.

— Umepanguza mara ngapi? Virginie akauliza, pole pole.

— Sikuhesabu.

— Mi nilihesabu. Mara saba. Alexis, jasho ya yule mugonjwa, nani alikuwa anaipanguza?

— Weye.

— Na nikichoka?

Nikaangalia kiti. Kwetu, bibi akichoka, kazi ile ni ya ule mwenye atakuwa mupyani.

— Jua inapanda, nikasema. Naenda mu ville.

Nikainua muguu ili nipande. Pale njo niliona ressorts, springi za kiti: zilikuwa zimefinyika mpaka chini, na hakuna muntu juu. Zikalia, nyeee. Kitu kikasogea nyuma. Mbele kukabakia nafasi yangu, sawasawa na mwili wangu, na ngozi yake ikakauka mbele ya macho yangu.

Virginie akapiga magoti mu bumbi. Akapiga makofi matatu, vile bibi anapokea bwana yake anatoka safari.

— Karibuni, ba Ngosa.

Alikuwa anangoja niitike ile jina, na «ba» yake ya heshima. Neno moja tu, nakuwa Ngosa: pikipiki iko yangu, kazi iko yangu. Nikamuangalia uso. Hakuwa anatania. Alikuwa na furaha.

Nikashusha muguu. Chemise nikaitupa palepale.

— Mi ni Alexis, nikasema.

Nikageuka, nikashika njia ya mine kwa miguu. Nyuma yangu ressorts zikalia tena, kama muntu anashuka. Sikuangalia. Nilienda tu.