Sufuria ya Chuo Kizima

Niliota usiku wa jana, na wala sikuwa na homa, nimesimama kwenye geti la chuo. Nimemfuata mjukuu wangu, Sikudhani, tukale Idi nyumbani.

Geti linalindwa na kijiti cha pamba, kile cha kupimia kirusi, kirefu kama mnazi, kimevaa kofia ya mgambo.

"Shikamoo, bibi," kinasema. "Hatoki mtu hapa mpaka chuo kizima kipimwe."

"Marahaba. Mko wangapi mnaopima?"

"Niko peke yangu."

Foleni inaanzia darasani, inakatiza sokoni, inaingia jikoni kwangu, inatokea uani. Wa mwisho akifikiwa, jibu la wa kwanza limeshaoza. Linanuka kabisa. Basi wanaanza upya. Wapo walioolewa na kuzaa humo humo foleni.

Sikudhani namwona. Nataka kumshika mkono, lakini kati yetu amekaa Mita Moja, mzee mnene, anatafuna karanga.

"Nipishe, baba."

"Nikikupisha nitakuwa nusu."

Nikaona wasomi hawa wanapoteza muda. Mimi nimepikia harusi nyingi, na sijawahi kunywa sufuria nzima ili nijue chumvi. Nadondoshea mchuzi kiganjani, naramba, basi.

"Mwanangu," nikakiambia Kijiti, "wachanganye wote, uonje mara moja."

Kikakubali bila kubisha, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Ikaletwa sufuria kubwa kama uwanja wa mpira. Kila mtoto akatemea mate humo. Kijiti kikachovya, kikaramba, kikatikisa kichwa.

"Kirusi kimo."

"Cha nani?"

"Cha sufuria. Wote warudi ndani."

Mfuniko ukaanza kushuka juu ya chuo. Sikudhani akachungulia ukingoni, barakoa imemshukia kidevuni.

"Bibi, mimi mzima."

"Najua, mama."

"Kwenye foleni ningetoka siku moja, hata nikiwa kikongwe kama wewe. Sasa huku natokaje?"

Mita Moja akaacha kutafuna, akanitazama kwa huruma. Huruma ya mtu kama yule inachoma.

Nikaamka. Kumekucha, simu inawaka. Ujumbe wa Sikudhani: "Bibi, Idi msinisubiri. Wamechanganya mate ya bweni zima, wakapima kwa mpigo, kirusi kimeonekana, tumefungiwa wote. Eti kuna bibi mpishi kawapa wazo hilo."

Nikaandika, "Bibi gani huyo asiye na haya?"

Nikafuta. Nikaandika, "Pole, mjukuu wangu."