Mvua ya Mwalimu Filemon

Mwalimu Filemon alituharibia fizikia kwa jani la mgomba. Nasema hivi nikiwa bado na hasira, ingawa mambo yenyewe ni ya mwaka 1998.

Kila masika alitutoa darasani, pale shuleni kwetu Machame, tutembee mvuani na majani kichwani. Mvua inaanguka wima, lakini ukitembea inakupiga usoni, basi unainamisha jani mbele. Ndivyo inavyodanganyika satelaiti inayopima mahali pa nyota, alisema: kwa kuwa inakimbia, inaiona nyota imesogea mbele. Somo zuri, sikatai.

Kwenye mtihani wa kumchagua mmoja wetu aende mashindano ya sayansi Dar, aliuliza hilohilo. Mimi nilikuwa nimesoma kitabu cha maktaba hadi kurasa zikalegea. Nikaandika kwamba jani halitoshi. Mvua ukiikimbilia inakujia kwa kasi zaidi, lakini mwanga haubadili kasi hata uukimbilie vipi, na saa iliyo mwendoni haiendi sawa na ya huku chini. Ukipiga hesabu ya mvua unakosea kidogo sana: unene wa unywele ulioshikwa Moshi mjini, ukitazamwa kutoka kwetu. Satelaiti inauona unywele huo.

Akanipa sifuri. Akachaguliwa Primus, aliyeeleza jani kama tulivyofundishwa.

Nilimfuata ofisini na kitabu na karatasi yangu ya mtihani. Shikamoo niliitoa kwa shingo upande. Aliusoma ukurasa mara mbili, kisha akachukua kalamu nyekundu, akaandika ishirini juu ya ishirini kwenye karatasi na kutia sahihi.

"Uko sawa, Theopista. Mpelekee mama yako afurahi."

"Na jina langu, mwalimu?"

"Orodha ya matokeo imeshabandikwa. Unataka nimwambie mkuu nimesahihishwa na mtoto wa Kornelia, muuza ndizi wa sokoni Kwa Sadala?"

Na huyu ndiye aliyetuimbia kila siku kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani.

Sikuipeleka karatasi nyumbani. Niliibandika kwenye ubao wa matangazo, kando ya orodha yake, nikasimama palepale. Wenzangu wakajaa, wakasoma. Mwalimu Filemon alipotoka alinyoosha mkono aibandue, akaiona sahihi yake na macho ya darasa zima, akaushusha.

Primus alikwenda Dar hata hivyo. Karatasi yangu ilikaa pale mpaka tukafunga shule, na hakuna aliyethubutu kuigusa.