Matroni na Mfupa wa Mkwewe

Mume wangu alivunjika mguu akiandika USALAMA KWANZA. Ni mwalimu wa udereva, na wanafunzi wake humwita Breki kwa sababu ndilo neno analolipigia kelele kutwa. Alikuwa juu ya ngazi akipaka maneno hayo kwenye ukuta wa chuo chake. Alipofika kwenye Z, akajinyoosha badala ya kushuka aisogeze ngazi, na ngazi ikamwacha. Mfupa wa muundi ukakatika.

Hospitali wakamfunga plasta toka pajani hadi vidoleni, wakamwandikia parasetamoli.

Kesho yake akaja Mama yangu. Mama alikuwa matroni wa shule ya bweni miaka thelathini na moja, na hadi leo anaingia nyumbani kwa mtu kama anakagua vitanda. Akaisoma karatasi ya dawa, akaikunja.

"Parasetamoli? Kwa mwanamume mzima? Hii ni ya kuwadanganyia watoto wa chekechea."

Akatoa mkobani kopo la diklofenaki, vidonge anavyomeza mwenyewe kwa ajili ya magoti. Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Breki anamwogopa Mama kuliko askari wa barabarani. Akapokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, Mama."

Na vilifanya kazi, siwezi kukataa. Baada ya siku mbili uvimbe ulinywea, na mgonjwa wangu akaacha kuomboleza kama aliyefiwa na yeye mwenyewe. Wiki ya tatu akarudi kazini, akawa anakaa kiti cha nyuma, mguu umenyooshwa kiti kizima, anambwekea mwanafunzi kisogoni. Kopo likiisha, Mama analeta jingine. Mimi nashona mapazia. Nilifurahi kuisikia tena cherehani yangu, basi sikuuliza maswali.

Wiki ya kumi na sita tulikuwa mbele ya daktari wa mifupa, dada mmoja mwembamba asiye na haraka. Mama alikuja bila kualikwa. Daktari akaiweka picha kwenye taa, na hata mimi niliuona ufa.

"Haujaunga," akasema. "Ni kama ulivunjika juzi. Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Una kisukari?"

"Hapana."

"Unakula vizuri?"

Mimi na Mama tukamtazama tumbo. Daktari naye akaliona, akaendelea mbele.

"Umekuwa ukimeza dawa gani?"

Breki akamtazama Mama, aliyekuwa ameupakata mkoba wake. "Parasetamoli tu."

"Basi itabidi tukupasue. Tutatia chuma, na tutachota mfupa kidogo kwenye nyonga tuzibie hapa."

Breki akaikamata nyonga yake kana kwamba daktari ameshaanza kuchota. Mwanamume alikuwa tayari kuchongwa kuliko kumtaja mama mkwe! Nikafungua mdomo, Mama akaniwahi.

"Daktari, huyu anakudanganya kwa heshima." Akaliweka kopo mezani. "Nimempa mimi. Vitatu kwa siku, wiki zote hizo."

Daktari akaligeuza kopo akalisoma. Hakufoka. Nadhani ingekuwa nafuu angefoka.

"Uvimbe wa siku za mwanzo si adui, Mama. Ndio unaouamsha mwili uanze kujenga. Vidonge hivi vinatuliza maumivu kwa kuuzima uvimbe huohuo. Kwa siku chache pengine havina neno. Kwa miezi, watafiti wenyewe bado wanabishana. Siwezi kuapa kwamba ndivyo vilivyofanya hivi, maana kuna mifupa mivivu tu. Lakini mfupa uliochelewa siupi kisingizio: viacheni kwanza, tuone."

"Na wale watoto wangu wa bweni?" Mama akauliza. "Niliwapa wengi."

"Walipona?"

"Wote."

"Mtoto anaunga hata ukimlisha chaki."

Mama hakucheka. Kwa mara ya kwanza nilimwona hajui pa kuweka mikono. Kisha, kwa sauti ndogo, akasema tumbo lake linamuunguza tangu mwaka jana. Daktari akavuta karatasi nyingine, akamwandikia naye akapimwe.

Tukakubaliana kungoja wiki nane bila vile vidonge. Mfupa ukigoma, kisu. Maumivu yakarudi, na Breki akatukana matusi ambayo hayamo katika kitabu chochote cha sheria za barabarani. Mama alikuja kila alasiri, akakaa naye mikono mitupu.

"Mama, toka kidogo," siku moja Breki akamwomba. "Nataka kulia."

"Lia. Nimewaona wavulana mia nne wakilia."

Akalia. Mimi nikakanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikike nje.

Wiki ya nane, kwenye picha mpya, kilionekana kiwingu cheupe kimeuzunguka ufa. Daktari akatabasamu.

"Unaunga."

"Kwa hiyo ni vidonge vyangu vilivyouchelewesha?" Mama akauliza.

"Huenda. Huenda ulihitaji muda tu."

Mama alichukia jibu hilo kuliko ambavyo angechukia lawama. Alilinung'unikia hadi kwenye ngazi za hospitali. Pale akampita Breki na magongo yake, akageuka, akaanza kushuka kinyumenyume mbele yake, mikono ameitandaza tayari kumdaka. Breki ana kilo tisini na sita. Nikawaacha watangulie, nikawafuata kwa mbali.